Kabla ya Kuuona Mji wa Lisbon

Wahenga walisema kuwa mtembea bure si mkaa bure, huenda akaokota. Usemi huu ni wa kweli, na kila aliyesafiri ameuthibitisha. Hata hivyo, kuokota nako kuna sharti lake. Mtu asiyejua lulu ilivyo huikanyaga njiani akidhani ni kokoto, na mwenzake aliyefundishwa huinama akaitwaa. Wote wawili walipita njia moja, wakala vumbi moja, wakalipa nauli moja. Lakini mmoja amerudi na lulu na mwingine amerudi na uchovu. Tofauti yao ilianza nyumbani, kabla hawajafunga mizigo.

Insha hii inahusu matayarisho ya namna hiyo. Inamfikiria kijana wa Kenya ambaye siku moja, kwa masomo, kwa kazi au kwa matembezi, atakwenda kuuona kwa mara ya kwanza mji wa Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Iko miji ya Ulaya mikubwa kuliko huo, na iko yenye mali zaidi. Lakini ni michache mno ambayo historia yake imefungamana na historia ya pwani yetu kwa muda mrefu kama huo. Marikebu za kwanza za Ulaya kutia nanga Mombasa na Malindi ziling'oa nanga Lisbon. Ukiketi mezani, ukiuvika mto foronya, ukijifunga leso, ukipandisha bendera au ukicheza karata, unatumia maneno ambayo Wareno waliyaacha katika lugha yetu. Neno gereza nalo latokana na neno lao la kanisa. Jinsi jina la nyumba ya sala lilivyopata kuwa jina la nyumba ya kifungo ni jambo la kumfikirisha msafiri hata kabla hajaondoka kwao.

Kwanza tuutazame mji wenyewe ulivyokaa. Lisbon umejengwa ukingoni mwa mto Tejo, upande wa kaskazini, karibu na mahali ambapo mto huo unaingia katika Bahari ya Atlantiki. Kabla ya kufika baharini mto hupanuka ukawa kama ziwa, kisha hubanwa tena na nchi kavu. Kwa sababu hiyo marikebu ziingiazo humo hupata bandari pana, isiyofikiwa na mawimbi makali. Kuanzia ukingoni, nchi hupanda ghafula. Wenyeji husema tangu zamani kuwa mji wao umesimama juu ya vilima saba, kama Roma. Lakini mwenye kuvihesabu kwa miguu yake mwenyewe huviona vingi zaidi. Vichochoro hupanda kwa ngazi, nyumba moja huchungulia juu ya paa la nyingine, na kila baada ya mpando mkali mtu hufika mahali palipo wazi, akauona mto chini yake unang'aa.

Vilima hivyo havikuwa pambo tu. Vilimpa mlinzi mahali pa kuona mbali, na mfalme mahali pa kujenga ngome. Navyo viliwachosha wapagazi na wachukuzi wa maji kwa karne nyingi. Mwaka wa 1884 lilianza kutumika gari la kwanza la reli livutwalo kwa kamba ya chuma mlimani, na mengine yakafuata. Na mwaka wa 1901 yakaja magari ya umeme yapitayo juu ya reli barabarani. Mgeni hupenda sana kuyapanda. Lakini na aulize kwanza ni yapi yanayofanya kazi, kwa maana tarehe 3 Septemba 2025, katika mteremko wa Glória, kamba iliachana na gari moja, likaporomoka na kuua watu 16. Vilima hutaka heshima hata katika zama zetu hizi.

Sasa tuje kwenye shughuli za safari. Ureno ni miongoni mwa nchi za Ulaya zilizofungua mipaka kati yao kwa mapatano ya Schengen, na Mkenya hana budi kuomba viza ya mapatano hayo. Viza huombwa mapema, wala hangojewi mtu aliyekumbuka katika juma la mwisho. Fedha ya nchi ni yuro. Mvua huko hunyesha zaidi kuanzia Novemba hadi Februari, na miezi ya Julai na Agosti ni ya jua kali na ukavu. Kwa hiyo mtembezi wa miguu hupendelea Aprili, Mei, Septemba au Oktoba. Njia nyingi zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo mpaka vikawa laini. Vikilowa huteleza. Viatu vya soli ngumu ya kushika chini vina thamani kuliko suti nzuri. Tena, nyumba nyingi za makumbusho hufungwa siku ya Jumatatu, na majengo ya kale hufungwa kwa matengenezo mara kwa mara; basi na uhakikishe habari hizo kabla ya kupanga siku zako.

Hayo ni matayarisho ya mwili na mfuko. Matayarisho ya akili ni makubwa zaidi, nayo hayahitaji viza. Mwenye nia ya kwenda Lisbon na aanzie Mombasa.

Aende katika Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Ngome hiyo ilianza kujengwa mwaka wa 1593, kwa ramani ya fundi Mwitaliano aitwaye Giovanni Battista Cairati, wakati ambapo taji la Ureno lilikuwa juu ya kichwa cha mfalme wa Hispania. Asimame juu ya boma aitazame bahari, ajiulize: watu wa nchi ndogo iliyo mbali hivyo walitaka nini hapa hata wakajenga kuta nene namna hii? Kisha aende Malindi, auone mnara mweupe wa Vasco da Gama karibu na ufuo, wenye msalaba wa jiwe juu yake. Ngome na mnara huo ni kama kurasa mbili za kitabu ambacho kurasa zake nyingine ziko Lisbon. Asiyesoma mwanzo hawezi kuelewa mwisho.

Habari yenyewe ni hii. Vasco da Gama aliondoka Lisbon tarehe 8 Julai 1497 na marikebu nne, na watu wapatao 170. Aliizunguka Afrika ya kusini, akapanda na pwani ya mashariki, na tarehe 7 Aprili 1498 akafika mbele ya Mombasa na marikebu tatu zilizobaki. Hapo hapakuwa na maelewano. Kila upande uliushuku mwingine. Siku chache baadaye alifika Malindi, ambako mtawala alikuwa mshindani wa Mombasa. Kwa ajili ya ushindani huo mgeni alipokewa vizuri, akapewa chakula, na juu ya yote akapewa mtu wa kumwongoza baharini. Wareno walimwandika mtu huyo kwa jina la Malemo Cana, na hilo neno malemo si jingine ila ndugu wa neno letu mwalimu, yaani mjuzi wa njia za bahari. Kwa ujuzi wake marikebu ziliondoka Malindi tarehe 24 Aprili na kufika Calicut katika Bara Hindi tarehe 20 Mei 1498.

Tuone vema maana ya jambo hili. Njia ya kwenda Bara Hindi ilikuwa ikijulikana na mabaharia wa bahari yetu karne nyingi kabla ya hapo. Waliifuata kwa pepo za kaskazi na kusi, na mali ilikwenda na kurudi. Kilichokuwa kipya ni kuiunganisha njia hiyo na Lisbon. Na aliyefunga fundo la mwisho la kamba hiyo alikuwa mwalimu wa chombo aliyetoka Malindi.

Malindi walidhani wamepata rafiki wa kuwasaidia juu ya Mombasa. Lakini vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwaka wa 1505 kundi kubwa la marikebu chini ya Francisco de Almeida liliteka Kilwa mwezi wa Julai, na mwezi wa Agosti likaipora Mombasa na kuitia moto. Mombasa ilichomwa tena mwaka wa 1528. Hata ukoo wa Malindi, uliokuja kupewa utawala wa Mombasa, haukustarehe. Sultani Hasan aliuawa mwaka wa 1614 kwa njama za Wareno. Mwanawe Yusuf alichukuliwa akiwa mtoto, akalelewa Goa, akabatizwa na kuitwa Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala kwa niaba yao. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kamanda, akaitwaa ngome. Wareno waliirudia baadaye, mpaka Waarabu wa Omani walipoizingira mwaka wa 1696 na kuitwaa mwezi wa Desemba 1698.

Msomaji akiisha kuweka habari hizi moyoni, sasa anaweza kuupanga mji wa Lisbon katika siku tatu. Wageni wengi hupanga siku zao kwa ukaribu wa mahali na mahali. Mwanafunzi wa historia hufanya vema akizipanga kwa mfuatano wa zamani.

Siku ya kwanza na apande kilima cha ngome ya São Jorge, kisha ashuke polepole katika mtaa wa Alfama. Jina hilo ni la Kiarabu, lenye maana ya chemchemi za maji moto, nalo ni jamaa ya neno letu hamamu. Tangu karne ya 8 mpaka mwaka wa 1147 mji huu ulikuwa chini ya watawala Waislamu. Katika mwaka huo mfalme Afonso Henriques aliuzingira na kuuteka, akisaidiwa na askari wa vita vya msalaba waliokuwa njiani kwenda Nchi Takatifu. Utawala ulikwisha, lakini lugha haikufukuzwa. Mreno hata leo huita sukari kwa neno lililotoka katika Kiarabu, kama tufanyavyo sisi. Vichochoro vyembamba vya Alfama, vinavyopinda na kujificha jua, humkumbusha mtu Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa. Swali la siku ya kwanza na liwe hili: watu ambao mji wao ulijengwa kwa elimu ya mataifa mengi, walisahauje jambo hilo walipofika kwa wengine?

Siku ya pili aende Belém, yapata kilometa sita magharibi ya katikati ya mji, ukingoni mwa mto. Kutoka sehemu hiyo ndipo Vasco da Gama alipoondoka. Hapo upo mnara wa Belém uliojengwa mtoni mwanzoni mwa karne ya 16 kulinda bandari, na upo utawa wa Jerónimos, ambao mfalme Manuel wa Kwanza alianza kuujenga baada ya marikebu kurudi. Nguzo zake zimechongwa kwa mifano ya kamba za jahazi, matumbawe na vitu vya bahari, kwa ufundi unaomfanya mtazamaji anyamaze. Kaburi la Vasco da Gama limo katika kanisa lake. Mnara na utawa huo viliandikwa mwaka wa 1983 katika orodha ya urithi wa dunia.

Jengo kubwa hivyo halikujengwa kwa sala peke yake. Mfalme alilitengea sehemu ya ishirini, yaani asilimia tano, ya mapato ya biashara ya Afrika na Mashariki. Mtoto wa pwani yetu aliyesimama chini ya dari lile anaweza kusema pasipo kujivuna na pasipo uongo kwamba katika mawe yale limo jasho la bahari yake.

Na kama anataka ushahidi unaoshikika, upo. Katika Nyumba ya Taifa ya Makumbusho ya Sanaa za Kale, mjini Lisbon, kimehifadhiwa chombo cha ibada cha dhahabu kiitwacho Custódia de Belém. Ni kazi ya ajabu: mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka kioo cha kuwekea mkate mtakatifu, na juu yao nguzo nyembamba zimesimama kama mnara. Fundi wake alikuwa Gil Vicente, na kazi ilimalizika mwaka wa 1506. Maandishi yaliyo katika tako lake yanasema bila kuficha kwamba mfalme Manuel aliagiza kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa.

Kodi gani hiyo? Mwaka wa 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na marikebu za vita. Kilwa ulikuwa mji wenye sifa. Ibn Battuta aliyeutembelea mwaka wa 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Dhahabu iliyochimbwa katika nchi ya Zimbabwe ilishuka pwani ya Sofala, na Kilwa kwa muda mrefu ilishika biashara yake. Da Gama alimtishia mtawala, Amiri Ibrahim, kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno mji wake utaangamizwa. Amiri alitoa mithkali 1,500 za dhahabu, na mithkali moja ni uzani wa gramu nne na kidogo. Dhahabu ikavuka bahari, ikaingia katika moto wa mfua dhahabu, ikatoka chombo cha ibada. Hata hivyo, kodi hiyo haikuiokoa Kilwa, kwa maana miaka mitatu tu baadaye mji ulitekwa.

Basi mgeni asimame mbele ya chombo hicho kwa utulivu. Hana haja ya kukitukana, kwa kuwa mkono uliokifanya ulikuwa mkono wa fundi bora. Wala hana haja ya kukipigia magoti, kwa kuwa anajua kilikotoka. Swali la siku ya pili ni gumu kuliko la kwanza: uzuri ulionunuliwa kwa vitisho ni mali ya nani? Ya aliyeufinyanga, ya aliyeuagiza, au ya aliyenyang'anywa? Wenye akili hawakubaliani juu ya jibu. Lakini ni aibu kwa mtu wa Afrika ya Mashariki kupita mbele ya kioo kile bila hata kujua kuwa swali lipo.

Akitoka hapo, na aulize njia ya kwenda mtaa uitwao Poço dos Negros, maana yake Kisima cha Watu Weusi. Katika karne ya 16 Lisbon ulijaa watumwa kutoka Afrika ya Magharibi. Hesabu ya mwaka wa 1551 iliona watumwa wapatao 10,000 katika mji wa watu 100,000, yaani mmoja katika kila kumi. Walibeba maji, wakafua nguo, wakafagia njia za vilima vile vile ambavyo mgeni sasa huvipanda kwa starehe. Waliokufa walikuwa wakitupwa ovyo, hata mfalme Manuel akaamuru mwaka wa 1515 lichimbwe shimo la kuwatia. Jina la mtaa ndilo lililobaki. Huko Belém, ukingoni mwa mto, limesimama jiwe kubwa lililokamilishwa mwaka wa 1960 lenye sanamu za mabaharia, wafalme na mapadri. Lakini wapagazi wa maji hawana sanamu ndani yake. Mwanafunzi wa historia na ajizoeze kusoma vyote viwili, yaliyochongwa katika mawe na yaliyonyamaziwa.

Siku ya tatu aende katika bonde lililo kati ya vilima, mahali paitwapo Baixa. Njia za hapo zimenyoka na nyumba zimelingana kama mistari ya daftari. Sababu yake ni msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walipokuwa wamejaa makanisani na mishumaa ikiwaka, ardhi ilitetemeka kwa nguvu isiyosahaulika. Makanisa yaliwaangukia waumini. Waliokimbilia ukingoni mwa mto walifuatwa na mawimbi makubwa. Kisha moto ukawaka siku nyingi. Watu wengi mno walikufa. Wengi wa wanahistoria husema kati ya 30,000 na 50,000. Jumba la mfalme lililokuwa ukingoni, pamoja na vitabu na ramani za safari zile za bahari, liliteketea.

Waziri wa mfalme, aliyejulikana baadaye kama Marquês wa Pombal, hakukaa kulia. Aliamuru wafu wazikwe upesi ili maradhi yasienee, akazuia walanguzi, akawaita wahandisi. Nyumba mpya zilijengwa zikiwa na mifupa ya mbao ndani ya kuta, iliyopandana kama kizimba, ili tetemeko likija mbao zicheze zisivunjike. Inasimuliwa kuwa nyumba ya mfano ilijaribiwa kwa askari waliokanyaga chini kwa kishindo kuizunguka. Pombal alipeleka pia maswali katika kila parokia: tetemeko lilidumu muda gani, bahari ilifanya nini, nyufa zilionekana wapi? Elimu ya matetemeko ya ardhi imechota mengi katika majibu hayo. Mji uliokuwa umezoea kuhesabu mali za wengine ulilazimika kuhesabu hasara zake wenyewe, ukajifunza.

Juu ya bonde hilo, kilimani, yako magofu ya kanisa la Carmo. Lilianguka siku ile ile, na paa lake halikurudishwa. Matao yake yamebaki wazi chini ya mbingu. Uwanja ulio mbele yake una habari nyingine inayotuhusu. Tangu mwaka wa 1926 Ureno ilikuwa chini ya utawala wa mabavu, ambao kwa miaka mingi uliongozwa na António de Oliveira Salazar. Wareno wenyewe walifungwa kwa maoni yao katika gereza la Aljube, karibu na kanisa kuu, ambalo tangu mwaka wa 2015 ni makumbusho ya wale waliopinga. Katika mji huo huo walisoma vijana wa Afrika kama Amílcar Cabral, na katika Nyumba ya Wanafunzi wa Dola, iliyodumu tangu 1944 mpaka 1965, walikutana, wakabadilishana mawazo na kuota uhuru wa nchi zao. Wakubwa walitaka nyumba hiyo iwafunze utii, lakini ikawafunza umoja.

Vita vya uhuru vilianza Angola mwaka wa 1961, Guinea-Bissau mwaka wa 1963 na Msumbiji mwaka wa 1964. Chama cha FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam mwaka wa 1962, na kiongozi wake wa kwanza, Eduardo Mondlane, aliuawa katika mji huo kwa bomu tarehe 3 Februari 1969. Hatimaye askari wa Ureno walichoka kupigania jambo wasiloliamini. Tarehe 25 Aprili 1974 waliingia Lisbon na vifaru, na watu wakawapokea barabarani, wakichomeka katika midomo ya bunduki ua jekundu ambalo Wareno huliita kwa neno lile lile waitalo karafuu. Katika uwanja wa Carmo mkuu wa serikali, Marcelo Caetano, alisalimu amri. Msumbiji, ambako da Gama alitia nanga mwezi wa Machi 1498, ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975. Daraja kubwa la mto Tejo, lililofunguliwa mwaka wa 1966 kwa jina la Salazar, likapewa jina la siku ile ya Aprili.

Swali la siku ya tatu ni hili: je, anayemfunga mwenzake yuko huru? Wareno walijibu swali hilo kwa maisha yao. Muda wote waliolinda kufuli mlangoni mwa Afrika, wao nao hawakuweza kutoka ndani.

Sasa msomaji anaona kwa nini matayarisho ya safari kama hii hayamaliziki kwa viatu na viza. Mtu akienda Lisbon mikono mitupu ya akili, ataona vilima, vigae vya buluu kutani, mto na machweo ya jua, naye atasema mji ni mzuri. Atakuwa amesema kweli, lakini kweli ndogo. Akienda na kinyongo peke yake, ataona wizi kila mahali, asiyaone mateso ya wenyeji wala ushujaa wao. Na akienda na unyonge, ataona ukubwa wa mawe, asahau kuwa dhahabu, ujuzi wa bahari na mikono ya watu wake vilikuwa sehemu ya ukubwa huo.

Mwendo bora ni wa shahidi. Shahidi mwema huangalia vizuri, hukumbuka sawasawa, na husema aliyoyaona bila kuongeza wala kupunguza. Kijana, ukijaliwa kupanda vilima vya Lisbon, panda taratibu, pumzika kila ufikapo juu, na utazame magharibi mto unapokutana na bahari. Njia iliyoanzia pale ilifika mlangoni kwetu. Kwa muda mrefu watu wa upande mmoja tu ndio walioisafiri na kuandika habari zake. Wewe utakuwa miongoni mwa wanaoirudia kutoka upande wa pili, na kalamu unayo.